Mfuko wa wahitimu kwa watoto wa shule yetu: maswali tunayoulizwa kila mara

Sisi ni wahitimu wa shule moja ya msingi wilayani Muheza, mkoani Tanga, katikati ya mashamba ya mkonge na michungwa. Tulimaliza miaka tofauti. Wengine tulikaa dawati moja, wengine tumejuana ukubwani, kwenye kundi la simu. Kila mwezi tunachanga ili watoto wanaosoma pale leo, ambao nyumbani kwao hali ni ngumu, wapate kusoma, kula, kutibiwa, na kuwa na mtu mzima anayewafuatilia. Jina la shule hatuliandiki hapa, na sababu yake utaikuta kwenye swali la picha.

Elimu si bure siku hizi? Mnachangia nini tena?

Karibu kila mtu huanza na swali hili, na ana haki ya kuuliza. Tangu Januari 2016 shule za msingi za serikali hazidai ada wala michango ya lazima, na sekondari ni hivyo hivyo hadi kidato cha nne. Mwaka 2022 vikaingizwa na kidato cha tano na cha sita. Watoto waliokuwa wakizurura mashambani waliingia darasani kwa sababu ya uamuzi ule, na tuliona kwa macho yetu madarasa yakijaa hadi watoto wakakaa wanne wanne kwenye dawati moja.

Lakini ada ni sehemu moja tu. Waraka wa Elimu namba 3 wa mwaka 2016 uliwaachia wazazi na walezi majukumu yao: sare, madaftari na kalamu, chakula cha mchana kwa mtoto wa kutwa, matibabu, nauli. Kwa mwenye mshahara hivyo ni vitu vya kawaida. Kwa bibi anayelea wajukuu watatu kwa kuuza maandazi, kila kimoja ni mlima.

Kulikuwa na mtoto wa darasa la nne aliyekuwa akija shule siku mbili, kisha siku mbili haonekani. Mwalimu wake alikwisha mwandika mtoro. Wenzetu wawili walipokwenda nyumbani walikuta shati jeupe limeanikwa juu ya ua wa michongoma, kola imegeuzwa na fundi ili upande uliochakaa usionekane. Lilikuwa shati moja la watoto wawili. Huyu akivaa leo na kesho, kaka yake anabaki nyumbani, kisha wanabadilishana. Viatu vilikuwa jozi moja pia, na kwa kuwa kaka mtu ana mguu mkubwa, vilishonwa kwa saizi yake, mdogo akawa anatia pamba mbele. Watoto wale walikuwa wamejipangia zamu wenyewe, bila kumwambia mtu, ili kila mmoja apate kusoma nusu. Tukio hilo ndilo lililoanzisha mfuko huu.

Kwa hiyo mnanunua nini hasa?

Sare jozi mbili kwa kila mtoto, kwa sababu ukimpa moja ataivaa ikiwa mbichi siku ya mvua. Viatu vyeusi na soksi. Madaftari, na kaunta buku kwa wa madarasa ya juu. Mkebe wa vifaa vya hesabu kwa darasa la sita na la saba. Taulo za kike kwa wasichana, mwaka mzima, nazo huzigawa mwalimu wa kike anayeaminiwa na wasichana wenyewe. Mchango wa uji na chakula cha mchana. Nauli ya kwenda hospitali pale zahanati inapomwandikia mtoto rufaa, na dawa zisizopatikana kwenye dirisha la dawa la zahanati.

Mkoba wa shule tuliwahi kununua, tukaacha. Ghali, na zipu hufa mwezi wa pili. Mama mmoja wa kijijini anashona mifuko ya turubai kwa bei ndogo zaidi, na inadumu.

Mnawachaguaje watoto?

Majina hayatoki kwetu. Walimu wa darasa huandika, mwenyekiti wa kitongoji huongeza anaowajua, na orodha hiyo hupitiwa na afisa ustawi wa jamii. Baada ya hapo wenzetu wawili, mmoja wao lazima mwanamke, huenda nyumbani kwa kila mtoto. Huwa tunauliza mambo ya kawaida kabisa: jioni nani anapika? Mtoto analala wapi, na nani? Akiumwa usiku nani anaamka? Majibu ya maswali hayo yanasema mengi kuliko fomu yoyote.

Maksi hatuzitazami. Tunajua mifuko mingine husaidia wenye akili sana peke yao, na wana sababu zao. Kwa mtoto wa miaka tisa asiyekula mchana, nafasi ya thelathini na nane darasani huenda ni njaa tu iliyoandikwa kwa namba.

Mwaka wa kwanza tulikosea vibaya. Orodha ilisomwa mstarini, mbele ya shule nzima, majina yakiitwa moja moja watoke mbele kupokea. Tulidhani tunawapa heshima. Kufikia wiki iliyofuata walikuwa wanaitwa "watoto wa msaada" uwanjani, na wawili walikataa kuvaa viatu vile. Tulikwenda kuwaomba radhi walezi wao mmoja mmoja. Tangu hapo mlezi huitwa kwa fundi kama mteja yeyote, mtoto anapimwa, anachukua sare yake, na darasani anaingia kama wenzake.

Kwa nini hamjengi kituo cha kulelea yatima? Wafadhili wangekuja.

Pengine wangekuja kweli. Jengo lina picha nzuri, lina bango, lina siku ya uzinduzi. Lakini tumekataa mara tatu kwenye mkutano mkuu, na tutaendelea kukataa.

Kwanza, watoto wetu wengi si yatima wa kukosa watu. Mmoja ana mama aliyekwenda kufanya kazi za ndani mjini. Mwingine ana baba mgonjwa. Wengi wapo kwa bibi. Anachokosa mtoto ni chakula, sare na mtu wa kumsaidia bibi, na vitu hivyo vinaweza kufikishwa palepale alipo. Ukijenga kituo katika kijiji maskini, hata mlezi mwenye mapenzi ataanza kufikiri kwamba akimpeleka mtoto kule atakula mara tatu. Hapo jengo limemtenganisha mtoto na ndugu zake kwa sababu ya sahani ya wali.

Pili, ndiyo njia ambayo sheria inaielekea. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inampa mtoto haki ya kuishi na wazazi au walezi wake, na makao ya watoto hayaendeshwi bila leseni na usimamizi wa ustawi wa jamii. Miongozo ya Umoja wa Mataifa ya mwaka huohuo wa 2009 inasema umaskini peke yake usiwe sababu ya kumwondoa mtoto katika familia. Jirani zetu Kenya nao wana mkakati wa kitaifa, wa 2022 hadi 2032, wa kuwarudisha watoto kutoka vituoni kwenda kwenye familia na jamii.

Kuna watu wanaofanya kazi njema kwenye makao, na kuna watoto ambao kwa muda fulani hawana mahali pengine salama. Hatuwasemi hao. Tunasema kwamba bibi wa Muheza akiwezeshwa kidogo, mtoto analala kwenye kitanda anachokijua, anajifunza mila za kwao, na siku ya msiba au harusi yupo na watu wake. Fedha ya kujenga ukuta mmoja wa kituo inatosha kuwashika watoto wengi kwa miaka.

Na mtoto ambaye nyumbani ndiko kuna hatari?

Hapo tunaacha kuwa wachangiaji, tunakuwa watoa taarifa. Tukiona dalili za kipigo, za kutendewa vibaya kingono, au mtoto anatumikishwa, taarifa inakwenda kwa afisa ustawi wa jamii na dawati la jinsia na watoto la polisi siku hiyohiyo. Hatuiti kikao cha ukoo kwanza. Kikao cha ukoo kimemaliza kesi nyingi kimyakimya, na anayebaki na maumivu ni mtoto. Mtu yeyote, hata mtoto mwenyewe, anaweza kupiga 116, namba ya simu ya msaada kwa watoto, bila malipo. Kumpangia mtoto makazi mengine, kwa ndugu au kwa malezi ya kambo, ni kazi ya ustawi wa jamii na mahakama. Sisi tunamfuata na sare na madaftari yake popote atakapopelekwa.

Mchango ni kiasi gani?

Kima cha chini ni shilingi 5,000 kwa mwezi. Mwenye zaidi atoe zaidi. Wazee wetu walisema kutoa ni moyo, usambe ni utajiri, nasi tuna mwendesha bodaboda ambaye hajakosa mwezi hata mmoja.

Tunachokiomba kuliko ukubwa wa pesa ni kutokukatika. Anayetoa laki tano mwezi wa kwanza kisha akapotea hutufurahisha siku moja. Anayetoa elfu tano kila mwezi ndiye tunayempangia bajeti, kwa sababu mtoto anakua mwezi hadi mwezi, na uji unapikwa kila siku ya shule. Ukiona huwezi kuendelea, mwambie mweka hazina mapema. Hakuna atakayekusema.

Nitajuaje pesa yangu haijaliwa?

Uliza hivyo bila aibu, na endelea kuuliza. Akaunti ya benki ni ya mfuko, si ya mtu. Inahitaji saini za watu watatu waliomaliza miaka tofauti, ili wasiwe marafiki wa darasa moja. Michango ya simu huingia kwa lipa namba ya mfuko na hupelekwa benki kila Ijumaa. Fundi cherehani, muuza viatu na duka la madaftari hulipwa moja kwa moja. Hakuna mjumbe anayekabidhiwa fedha taslimu ya manunuzi mkononi.

Kila tarehe 5 taarifa ya mwezi hutumwa kwenye kundi: kilichoingia, kilichotoka, salio, na picha za risiti. Wajumbe hawalipwi posho. Nauli ya kwenda kutembelea familia hulipwa na anayekwenda, na asiye nayo hupelekwa na mwenye gari.

Tumewahi kupoteza pesa. Duka moja lilichukua malipo ya awali ya madaftari likaleta nusu, nusu nyingine haikuja kamwe. Tuliandika hasara ile kwenye taarifa kama ilivyo, na kiasi chake. Watu wawili walijitoa. Wengine waliongeza mchango mwezi uleule. Sasa hatulipi mzigo ambao haujahesabiwa mbele ya mwalimu mkuu.

Mmesajiliwa wapi? Nasi tunataka kuanzisha wa shule yetu.

Hili wanatuuliza wahitimu wa shule nyingine, na tunalifurahia sana. Tanzania Bara umoja wa wahitimu unaweza kusajiliwa kwa Msajili wa Jumuiya, Wizara ya Mambo ya Ndani ya Nchi, chini ya Sheria ya Jumuiya, Sura ya 337. Njia ya pili ni kusajiliwa kama shirika lisilo la kiserikali chini ya Sheria namba 24 ya mwaka 2002, ambayo msajili wake yupo Wizara ya Maendeleo ya Jamii, Jinsia, Wanawake na Makundi Maalum. Mabadiliko ya sheria ya mwaka 2019 yalitenganisha makundi haya kwa ukali zaidi. Kama lengo lenu ni kuzikana, kuchangiana harusi na kukutana, hiyo ni jumuiya ya wanachama. Kama mnahudumia watoto wa jamii, mnaelekea upande wa mashirika. Sisi tulichagua njia ya pili, ngazi ya wilaya. Anzeni na afisa maendeleo ya jamii wa halmashauri yenu. Wa kwetu alitusomea rasimu ya katiba ukurasa kwa ukurasa.

Tangulieni na katiba fupi, muhtasari wa kikao wenye saini, na viongozi ambao watu wangewaachia funguo za nyumba.

Naomba picha ya mtoto ninayemsaidia.

Hatutoi. Hatutumi picha ya mtoto, jina lake, wala la bibi yake, na ndiyo maana hata shule hatuitaji. Mtoto wa leo miaka kumi ijayo atakuwa anaomba kazi au anaposa, na picha yake akiwa na nguo zilizochanika itakuwa bado inazunguka kwenye simu za watu. Hakuulizwa. Na hata angeulizwa, mtoto anayepewa viatu hawezi kusema hapana.

Zaidi ya hapo, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inataka ridhaa ya mzazi au mlezi kwa taarifa za mtoto, na inatuwajibisha tunaozitunza. Fomu zetu zipo kwenye kabati lenye kufuli, na walio na ufunguo ni wawili.

Utapata picha za risiti, za marobota ya madaftari, za sufuria ya uji. Anayetaka zaidi aje ashinde siku nzima shuleni akisaidia kugawa uji.

Naweza kumchukua mtoto mmoja awe wangu?

Hapana, na tunajua jibu hili huwaumiza watu wema. Tukimfunga mtoto kwa mfadhili mmoja, mfadhili akipoteza kazi mtoto anapoteza sare. Pia huanza barua za kushukuru ambazo mtoto anaandikishwa. Pesa yote huingia chungu kimoja.

Niko Muscat. Naweza kutuma nguo?

Ndugu zetu walioko Oman na kwingineko nje, ahsanteni. Bila ninyi mwaka wa uviko 2020 tungefunga. Tunaomba pesa badala ya nguo. Kusafirisha na kutoa mzigo bandarini hula thamani yote, na sare ikishonwa hapa fundi wa hapa naye anapeleka unga nyumbani. Kitu pekee tunachokipokea kwa mkono ni miwani mipya ambayo mtoto ameandikiwa na daktari wa macho, kwa namba kamili.

Mtoto akifeli darasa la saba mnamwacha?

Tulikuwa tukimwacha, na tunajuta. Matokeo yanatoka, waliofaulu wananunuliwa vifaa vya kidato cha kwanza, waliofeli wanarudi shambani kimya. Siku moja msichana aliyekuwa kwenye orodha yetu miaka mitano alitupita njiani na ndoo ya machungwa kichwani, akatuamkia, "Shikamooni," na kupita. Hakuuliza kitu. Kikao cha mwezi ule kilikuwa kirefu.

Sasa mtoto yupo na sisi hadi atimize miaka 18, awe amefaulu au la. Anayetaka ufundi tunamlipia chuo cha VETA au tunamweka kwa fundi mwenye mkataba wa maandishi: ushonaji, uashi, umeme, upishi. Aliyeacha shule ya msingi mapema tunamrudisha kupitia MEMKWA, mpango wa waliokosa elimu ya msingi, pale darasa lake lipo. Msichana aliyekatiza masomo kwa ujauzito ana haki ya kurudi shule, kwa Waraka wa Elimu namba 2 wa Novemba 2021. Tatizo la kwake huwa si waraka tena. Ni nani atashika mtoto asubuhi. Kwa hiyo tunalipa mshika mtoto, na kuna wajumbe waliopinga jambo hilo kwa nguvu. Tulipiga kura, likapita.

Mna wasiwasi gani mkubwa kwa sasa?

Mwaka 2028. Kwa toleo la 2023 la Sera ya Elimu na Mafunzo, elimu ya msingi inakuwa miaka sita badala ya saba, na elimu ya lazima miaka kumi. Mwaka 2027 watamaliza darasa la sita na la saba pamoja, na Januari 2028 mikupuo miwili itaingia kidato cha kwanza kwa wakati mmoja. Kwa mfuko mdogo kama wetu hiyo ni gharama ya kidato cha kwanza mara mbili ndani ya wiki moja. Tumeanza kuweka kando sehemu ya kila mchango tangu sasa. Wahitimu wenye mifuko kama huu, kaeni na mwalimu mkuu mhesabu watoto wenu wa mikupuo hiyo kabla hamjapanga jambo jingine lolote.

Sikusoma shule hiyo. Naruhusiwa?

Unaruhusiwa kuchangia. Kupiga kura kwenye mkutano mkuu ni kwa wahitimu na walimu waliowahi kufundisha pale.

Watoto wakiinuka wanatakiwa kurudisha?

Hawadaiwi kitu. Huwa hatuwaambii hata kwamba tungefurahi. Mmoja amejiunga mwenyewe, anatuma elfu tano yake kila mwezi, na hakuna kwenye kundi anayejua kwamba aliwahi kuwa kwenye orodha, isipokuwa wenye ufunguo wa kabati.

Nianze vipi?

Tuma mchango wa kwanza, kisha utaingizwa kwenye kundi. Kama upo Tanga au jirani, njoo Jumamosi ya mwisho ya Desemba kwa fundi, siku ya kupima sare. Tunaanza saa mbili asubuhi. Futi kamba tunazo mbili tu na foleni huwa ndefu, kwa hiyo ukiwa nayo njoo nayo.